Kwenda Dhofar Wakati wa Kharifu

Milima ya Dhofar iko kusini mwa Oman, nyuma ya mji wa Salalah, kilomita 1,000 hivi kutoka Muscat. Anayeijua Uarabuni kwa jua na mchanga, akipanda huko mwezi wa Agosti atakuta majani mabichi na ukungu uliofunga barabara. Msimu huo, kharifu, kwa kawaida huanza mwishoni mwa Juni na kwisha Septemba.

Ukungu na mvua ya msimu huo huletwa na kusi, upepo uleule uliorudisha majahazi Uarabuni kutoka Zanzibar na Mombasa. Ukivuma kandokando ya pwani ya Dhofar, maji baridi ya kilindini hupanda juu. Hewa yenye unyevu inayopita hapo hupoa, ikawa ukungu, ukakwama kwenye miteremko inayotazama bahari. Mvua yenyewe ni manyunyu tu. Maji mengi hunaswa na miti: ukungu hushika majani, ukadondoka tone kwa tone, ukazama ardhini na kulisha chemchemi kama Ayn Razat. Mti ukikatwa, au ukiliwa na ngamia hadi kukauka, ardhi ile hupoteza maji yake. Basi tafadhali sana, usipitishe gari juu ya nyasi, wala usivunje matawi ya kuwashia moto.

Wenyeji wa milimani ni wafugaji, na wengi huzungumza Kishehri, lugha ya Kisemiti iliyo mbali na Kiarabu. Wanafuga ngamia, mbuzi na hata ng'ombe, ambao kiangazi hupewa dagaa wakavu. Kharifu ikianza, ngamia wengi huteremshwa uwandani, maana matope huwatelezesha. Ngamia watakaokutana nawe barabarani hawaonekani mapema ndani ya ukungu: washa taa, punguza mwendo. Na uwaombe watu ruhusa kabla ya kuwapiga picha.

Mti wa ubani utafute ng'ambo ya pili ya milima, kaskazini, ambako ukungu haufiki, maana mti huo unapenda ukavu. Wadi Dawkah, bonde la miti hiyo, liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000.

Wakati wa kharifu bahari huchafuka vibaya. Usiogelee, na kwenye pwani ya Mughsail kaa mbali na kingo za majabali. Usiingie pia kwenye mabwawa na vijito vya milimani, hata maji yakionekana safi: kichocho kimewahi kupatikana katika maji ya Dhofar.