Msuli Bandia au Msuli Unde? Utata wa Istilahi za Roboti Nyumbufu

Makala haya yanachunguza istilahi za uwanja mchanga wa uhandisi, yaani ule wa roboti zinazoundwa kwa mpira, silikoni na nyuzi badala ya chuma, na ambazo hujikunja mithili ya mkono wa pweza. Mwanafunzi wa Kiswahili akaaye Membley, Ruiru, ana Chuo Kikuu cha Kenyatta upande mmoja na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Juja, upande wa pili. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, ila uhandisi jirani naye hufundishwa kwa Kiingereza.

Kwanza kifaa chenyewe. Katika miaka ya 1950, Mmarekani Joseph McKibben alitumia mfuko mrefu wa mpira uliovikwa wavu wa nyuzi zilizosukwa mshazari. Mfuko ukijazwa hewa hutanuka kwa upana. Na kwa kuwa nyuzi hazinyumbuki, wavu hulazimika kufupika, ncha zake zikavuta. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, na wenzao walionyesha kwamba hata mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ukisokotwa mpaka ujiviringe kama springi, hujikaza upatapo joto na kulegea upoapo.

Je, kifaa hiki kiitweje? Nomino 'msuli' haina taabu kubwa. Ni kweli kwamba Pwani msuli ni vazi la mwanamume vilevile, lakini muktadha huuondoa utata huo upesi. Tatizo hasa ni kivumishi. 'Bandia' limezoeleka katika 'meno bandia', ila limezoeleka pia katika 'noti bandia', na maana hii ya pili ndiyo inayovuma zaidi masikioni mwa Wakenya. Glavu zenye vifuko vya hewa zimeundwa ili kuwasaidia waliopatwa na kiharusi kukunja na kukunjua vidole. Mgonjwa akiambiwa kwamba mkono wake utavutwa na msuli bandia, huenda akadhani anauziwa uongo, ilhali msuli huo unavuta kweli. 'Msuli unde', kwa mfano wa 'akili unde', hauna doa hilo.

Vivyo hivyo, 'roboti laini' halitoshi. Kioo ni laini, lakini hakikunjiki. Na nchini Kenya laini ni kadi ya simu. 'Nyororo' linakaribia, ila 'nyumbufu' ndilo linalobeba sifa inayokusudiwa: kupindika bila kuvunjika na kurudi katika umbo la awali.

Limebaki jina la jumla la kiungo chochote kigeuzacho nishati kuwa mwendo. 'Kiendeshi' linatumika tayari katika kompyuta. 'Kisukumi' linapotosha, kwani msuli huvuta, hausukumi. Nalo 'kivutio', ambalo kimofolojia lingefaa kuliko yote, watu wa utalii wamekwisha kulitwaa.