Sindano Yako Iandike Katika Telefone

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani, sindano ya mwisho uliyochomwa ilikuwa ya dawa gani? Wengi wanaofika kwetu hapa Nyangezi wanajibu: "Ilikuwa nyekundu." Kweli vitamini B12 ni nyekundu, lakini rangi si jina la dawa.

Siku moja aliletwa mfanyakazi mwenye jeraha baya la mguu. Alituambia kwamba zamani sindano fulani ilimvimbisha uso na kumkata pumzi. Sindano gani? Hakujua, na fishi yake ilikuwa imelowa mvua. Tukamtuma mtu kwa mke wake, naye akakumbuka: penisilini. Ndiyo dawa tuliyokuwa tumekwisha kuitayarisha.

Karatasi inalowa, telefone unatembea nayo. Hata ile ndogo ya vitufe ina mahali pa kuandika ujumbe na kuuweka bila kuutuma, wala haihitaji intaneti. Andika tarehe, jina lililo kwenye ampuli, kipimo, mahali ulipochomwa, na kama mwili uliikataa. Mwombe muuguzi akuonyeshe ampuli kabla ya kuitupa. Usione haya, ni mwili wako. Fanya hivyo hata kwa vitamini uliyonunua mwenyewe farmasi ya Bukavu.

Kwa malaria kali, artesunate huchomwa mwanzoni, baada ya saa 12, tena baada ya saa 24. Mgonjwa akiweza kumeza, anapewa vidonge vya siku 3. Ukihamishwa baada ya sindano ya pili bila saa kuandikwa, wenzetu wataanzia wapi? Chanjo ya tetanosi nayo ni hivyo: ya pili hufuata ya kwanza baada ya wiki 4, na ya tatu baada ya miezi 6. Ukikatwa na jiwe, jambo la kwanza tutakalouliza ni hilo.

Mama anayepanga uzazi kwa Depo-Provera aandike siku ileile tarehe ya kurudi, miezi 3 mbele. Maandishi hayo ni yake. Bwana, usiyapekue! Kila mtu aifunge telefone yake kwa namba ya siri.

Lakini dawa ambayo mwili wako unaikataa, iandike pia katika karatasi ndogo, uifunge ndani ya plastiki pamoja na kitambulisho, na umwambie mwenzako wa zamu. Ukizimia, telefone yako hatutaweza kuifungua.