Kuwakumbuka Waliofungwa

Soma Waebrania 13:3. Mtume anatuagiza tuwakumbuke wafungwa kwa namna gani?

Mwaka 1813 Elizabeth Fry, mwamini wa Kanisa la Marafiki, aliingia gereza la Newgate jijini London. Aliwakuta wanawake wamesongamana pamoja na watoto wao, akawapelekea nguo za watoto wachanga. Yeye mwenyewe alizaa watoto 11, lakini malezi hayakuwa udhuru. Alirudi, na mwaka 1817 akaanzisha shule kwa watoto wa humo gerezani. Mama zao aliwapatia kazi ya kushona na kuwasomea Biblia. Alikwenda kama mama kwa akina mama wenzake.

Kumbe kukumbuka ni kwenda, na kurudi tena.

Tafakari: Ni familia gani ya mfungwa ambayo kanisa lenu limeisahau? Mtafanya nini kabla ya Sabato ijayo?