Hesabu ya Maji ya Ziwa Victoria

Watu wengi hudhani ya kuwa Ziwa Victoria hujazwa na mito. Sivyo. Wataalamu waliopima wameona ya kuwa katika kila sehemu tano za maji yaingiayo, kama sehemu nne ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, hata Kagera ulio mkubwa kuliko mingine, huleta sehemu moja tu. Na maji yatokayo ni vivyo hivyo: sehemu nne hivi hupanda hewani kuwa mvuke, na iliyobaki hushuka Jinja kuwa Mto Naili.

Elimu ichunguzayo mambo hayo yaitwa haidrolojia. Mwanafunzi aliyekwisha pata shahada ya kwanza, akiendelea na shahada ya pili katika elimu hii, msingi wa kazi yake wafanana na daftari la mwenye duka: yaliyoingia, ukitoa yaliyotoka, ndiyo yaliyozidi au kupungua katika akiba. Ni rahisi kusema, bali kupima ni taabu. Mvua hupimwa kwa chombo, na mto kwa kina, upana na mwendo wake. Lakini mvuke hauonekani. Hukadiriwa kwa beseni la maji liachwalo wazi, na kwa hesabu za joto, upepo na unyevu. Tena kosa dogo huwa kubwa, maana ziwa lina kilomita za mraba 68,800 hivi. Milimita moja tu juu yake ni mita za ujazo karibu milioni 69.

Faida ya hesabu hiyo ilionekana zamani za mafuriko. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, likafunika mashamba na magati yaliyokuwa kando yake. Je, sababu ilikuwa ukuta wa kuzuia maji wa Owen Falls, uliofunguliwa mwaka 1954, au ni mvua? Vitabu vya mvua vilionyesha mvua nyingi mno tangu mwisho wa 1961, na humo ndimo jibu lilimopatikana.

Basi yatupasa kukumbuka ya kuwa vitabu hivyo viliandikwa na watu waliosoma chombo kila asubuhi. Mwanachuo hawezi kuipima mvua ya jana. Siku iliyoachwa ni pengo. Siku iliyobuniwa ni mbaya zaidi, kwani pengo huonekana, bali uongo hauonekani.

Twawashauri waalimu wawafundishe watoto hesabu hii: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la shule la mita za mraba 100, ikinyesha milimita 10, hupokea lita 1,000. Nanyi wakubwa wa vijiji, chombo cha mvua kikiwapo kwenu, kisiwekwe chini ya mti wala karibu na ukuta, na asomaye awe mtu mwaminifu.