Nyasi kavu kwanza, nafaka baadaye: kipimo cha lishe kwa ng'ombe wa Jersey

Kiangazi kinapoingia na napier kunyauka, familia nyingi zenye ng'ombe mmoja wa Jersey hununua marobota ya nyasi kavu na kujazia kwa deri mili. Maziwa yakipungua, huongezwa mkebe mwingine wa deri mili. Huenda maziwa yakapanda kwa siku chache. Huenda pia ng'ombe akaacha kucheua, akaharisha, na familia ikampoteza mnyama aliyekuwa akilipa karo.

Jersey ni ng'ombe mdogo. Jike aliyekomaa huwa na kilo 350 hadi 450 hivi, ilhali Friesian huweza kupita kilo 550, kwa hivyo kipimo cha jirani hakifai kuigwa. Uzito unaweza kukadiriwa kwa futi ya fundi cherehani. Mfugaji hupima mzingo wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Mzingo huzidishwa kwa mzingo, jibu likazidishwa kwa urefu, kisha likagawanywa kwa 10,840. Kifua cha sentimita 165 na urefu wa sentimita 140 hutoa takribani kilo 350.

Ng'ombe wa maziwa hula kwa siku chakula chenye uzito wa karibu asilimia 3 ya mwili wake, maji ya ndani ya chakula yakiwa hayahesabiwi. Kwa huyu wa kilo 350 ni kilo 10.5. Nyasi nzuri hutosha kuutunza mwili na kutoa kama lita 5 za maziwa. Juu ya hapo, kilo 1 ya deri mili huongezwa kwa kila lita 1.5 hadi 2. Anayetoa lita 11 basi huhitaji kilo 3 hadi 4 za deri mili, pamoja na kilo 8 hadi 9 za nyasi kavu.

Nafaka isipite nusu ya chakula chote. Wanga wake huchacha haraka katika tumbo la kwanza na kutoa tindikali, na wadudu wadogo wanaosaga nyasi humo hufa. Nyasi ndefu humfanya ng'ombe acheue, na mate yake hupunguza tindikali hiyo. Dalili za mapema ni kinyesi chepesi na mafuta ya maziwa kushuka. Baadaye kwato huuma na mnyama huchechemea. Akiacha kula kabisa, daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Nyasi hutangulia asubuhi, nafaka hufuata ikigawanywa wakati wa kukama, isizidi kilo 2 kwa mlo. Badiliko lolote la chakula lichukue siku 10 hadi 14. Na mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2 haubebi kilo 2 za deri mili, kwa kuwa deri mili ni nyepesi kuliko mafuta. Upimwe mara moja kwa mizani dukani, kisha utiwe alama.

Robota nalo si robota tu. Boma Rhodes iliyokatwa ikianza kutoa maua ina protini zaidi kuliko iliyoachwa ikakomaa hadi kuwa mabua, na anayenunua mabua kwa bei nafuu hulipa tofauti kwenye deri mili. Penye kaliandra gharama hupungua: majaribio ya Embu katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kilo 3 za majani yake mabichi hutoa protini sawa na kilo 1 ya deri mili. Mahindi yenye ukungu yasipewe ng'ombe hata kidogo, kwani sumu ya aflatoksini hupita hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Anayekula nyasi kavu hunywa maji mengi kuliko wa napier mbichi, hivyo ndoo isikauke. Chumvi ya madini iwepo kila siku. Kwa ng'ombe wa Jersey anayekaribia kuzaa, ushauri wa daktari wa mifugo kuhusu madini utafutwe mapema, kwa kuwa Jersey hupatwa na homa ya maziwa kuliko Friesian.