Fasihi Bila Kuumwa Kichwa: Vidokezo kwa Finalisti wa Kibua

Exetat inakaribia na daftari la fasihi limejaa harakati na istilahi usizojua pa kuzishikia? Tulia. Njia za mkato zipo, na ya kwanza haikutoi hata Walikale.

1. Anza na Mwindo
Mwalimu akitaja utendi, usikimbilie Wagiriki. Mwaka 1956, huku huku kwa Wanyanga, fanani Candi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck kisa cha Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza. Biebuyck na Kahombo Mateene wakakichapisha Marekani mwaka 1969. Wenyewe Wanyanga utungo wa namna hiyo huuita karisi. Haya, bandika istilahi. Mtoto anatokea kwenye kidole cha kati cha mamaye, tayari anatembea na kusema? Chuku hiyo! Baba yake, Shemwindo, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini? Mgogoro. Mwindo mwenye majivuno anachukuliwa juu na Nkuba, radi mwenyewe, anatiwa adabu, kisha anarudi kuwa chifu mwenye busara? Huyo ni mhusika duara, maana amebadilika. Istilahi tatu, na kitabu hujafungua. Kama kisa hukijui, mfuate babu jioni ya leo. Nenda na kalamu, wazee hawarudii.

2. Tafuta ugomvi
Harakati ya fasihi huanza pale mtu anapochoshwa na mambo ya waliomtangulia. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alitoa diwani ya Kichomi, mashairi yasiyojali vina wala mizani. Wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, wakaja juu: hayo ni mashairi kweli? Kwa kila harakati andika mstari mmoja tu: nani, anamkataa nani, mwaka gani. Ukurasa mmoja unatosha muhula mzima.

3. Vuka bahari kwa hatua tatu
Miaka ya 1920, Harlem, New York: Langston Hughes na Claude McKay wanaandika kwa fahari juu ya mtu mweusi. Miaka ya 1930, Paris: wanafunzi Césaire, Senghor na Damas wanawasoma, na Negritudi, harakati ya kujivunia weusi, inazaliwa. Mwaka 1955, Mkongomani Antoine-Roger Bolamba anachapisha diwani ya Esanzo, na anayeiandikia dibaji ni nani? Senghor! Toa mnyororo huo kwenye mtihani wa mdomo uone mwalimu atakavyokaa vizuri kitini.

4. Hesabu kwa vidole
Mstari wa utenzi, mizani (yaani silabi) 8. Wa shairi la kawaida, 16, nane kwa nane. Vidole unavyo, basi.

5. Mfundishe mdogo wako
Mweleze Negritudi huku mkimenya mihogo. Akisinzia, punguza maneno. Akiuliza "halafu?", umeiva.