Kichanja cha Ngazi Tatu Nyuma ya Nyumba

Ndugu wanakikundi, katika somo hili tutajifunza jinsi ya kujenga kichanja cha mbao chenye ngazi tatu nyuma ya nyumba. Somo linawafaa hasa wenzetu wanaokaa sehemu za joto na ukame, kama vile Makueni, Kitui na Tharaka. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

1. Kwa nini tujisumbue?

Ukipita vijijini wakati wa mavuno utaona mahindi yameanikwa chini. Kuku wanapita juu yake, mbuzi wanaonja, mvua ya ghafla inayalowesha. Vyombo navyo vimepangwa kwenye jiwe karibu na jiko. Watu wenyewe wamejibanza chini ya mwembe, kwa sababu ndani ya nyumba ya mabati hakukaliki. Haya ni mambo matatu, lakini dawa yake inaweza kuwa moja.

Jambo la mahindi si dogo. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Kati yao 125 walikufa. Haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 1981 huko Machakos watu 20 waliugua kwa sumu hiyo hiyo na 12 wakafa.

Kuvu inayotoa sumu hii huishi udongoni, nayo hupenda joto na unyevu. Mahindi yanayoanikwa chini yanapata udongo na unyevu kwa pamoja. Yakitiwa gunia kabla hayajakauka, kuvu inaendelea kumea ndani kwa ndani. Na tukumbuke kwamba sumu yenyewe haionekani kwa macho, na moto wa jiko hauimalizi. Mama anaweza kupika ugali mzuri, mweupe, kumbe anawapa watoto sumu. Ndiyo maana tunasema kuinua chakula kutoka ardhini ni kazi ya kuokoa maisha.

2. Ngazi tatu, kazi tatu

Kichanja chetu kina urefu wa mita 6 na upana wa mita 2. Kinaanzia karibu na ukuta wa nyumba na kupanda kwenda nje, hivi:

Ngazi ya kwanza ni baraza. Ina urefu wa mita 3 na kimo cha sm 50, yaani kimo cha goti. Hapa watu wanakaa, wanapukuchua mahindi, wanachagua punje mbovu, na kikundi kinafanyia mkutano. Baraza linahitaji kivuli.

Ngazi ya pili ni ya vyombo. Ina urefu wa mita 1 na kimo cha sm 80. Mbao zake ziachane sm 2 au 3 ili maji yashuke haraka. Chini yake weka kokoto, na uchimbe mfereji mdogo upeleke maji hayo kwenye mgomba au sukumawiki.

Ngazi ya tatu ni ya kuanikia. Ina urefu wa mita 2 na kimo cha mita 1. Hii inataka jua tupu. Upana ni mita 2 kwa sababu mtu akisimama kila upande anafikia katikati kwa mkono, na hakuna haja ya kupanda juu.

Mtauliza, kwa nini vyombo viwe chini ya mahindi? Ni kwa sababu maji hutiririka kwenda chini. Vyombo vikiwa juu, siku moja tu ya kuosha sufuria itaharibu kazi ya wiki nzima.

3. Jua njia ya jua kabla ya kuchimba

Sisi tuko karibu na ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu na utosi, likiegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Joto kali la kuchosha huja alasiri, jua likiwa magharibi. Kwa hiyo mahali pazuri pa kichanja ni upande wa mashariki wa nyumba. Alasiri nyumba yenyewe inalipa baraza kivuli bila gharama yoyote.

Lakini kivuli hicho hicho kisifike kwenye mahindi. Saa kumi za jioni ukuta wa mita 2 na nusu hutupa kivuli cha mita 3 na zaidi kidogo. Ndiyo sababu tumeiweka ngazi ya mahindi mbali na ukuta. Ukianza kichanja nusu mita kutoka ukutani, mahindi yatakuwa mita 4 na nusu kutoka nyumbani, nayo yatapata jua mpaka jioni.

Paa la kivuli, liwe la makuti au la nyasi, lifunike mita 2 za kwanza za baraza tu. Ukilivuta mpaka mwisho wa baraza, kivuli chake kitaingia kwenye mahindi.

Kama nyuma ya nyumba yako kunatazama magharibi, jua la jioni litalipiga baraza moja kwa moja. Hapo tundika mikeka upande wa magharibi wa baraza, au otesha mmea unaotambaa.

Msitegemee maneno matupu, pimeni. Simika vijiti kwenye pembe nne za mahali unapotaka kuanikia. Angalia saa tatu asubuhi, saa sita, na saa kumi. Kama kivuli cha nyumba au mti kinafika hapo kabla ya saa kumi, sogeza vijiti.

4. Mzuie mchwa asipate mlango

Katika sehemu zetu adui wa kwanza wa mbao ni mchwa. Nguzo ya mkaratusi isiyotiwa dawa, ikizikwa kwenye udongo, haichukui muda mrefu kabla ya kuliwa. Kanuni yetu ni moja: mti usiguse udongo.

Kwa kila nguzo, chimba shimo la upana wa sm 30 na kina cha sm 45. Jaza zege na uliinue mpaka sm 15 juu ya ardhi. Mchanganyiko ni karai 1 ya saruji, 3 za mchanga na 6 za kokoto. Kwa nguzo zote utahitaji kama mifuko 5 au 6 ya saruji ya kilo 50. Zege likiwa bado bichi, simika kipande cha nondo katikati kikitokeza sm 10. Mwagilia maji kwa siku 7, maana joto letu hukausha zege haraka nalo likapasuka.

Halafu kata bati litokeze sm 5 kila upande wa zege, na ukunje kingo zake kuelekea chini. Lipitishe kwenye nondo, kisha ziba tundu kwa lami. Mchwa anaweza kupanda zege kwa kujenga njia yake ya udongo, lakini akifika kwenye bati inambidi atokeze nje, nawe utamwona. Nguzo sasa inatobolewa chini na kukalishwa juu ya nondo hiyo.

Usilundike kuni wala magunzi chini ya kichanja. Acha pawe wazi ili uweze kuchungulia. Kila Jumamosi mtoto mmoja apewe kazi ya kuinama na kuangalia kila nguzo. Akiona njia ya mchwa aibomoe na kuwaambia wakubwa.

Kuhusu aina ya miti, wazee wa Ukambani wanajua sana. Mukau na muuku ni miti migumu ambayo mchwa haipendi, na yote miwili inastahimili ukame. Mukau unapandwa na wakulima wengi siku hizi, na mbao zake ni nzuri. Ukikata mmoja, panda zaidi ya mmoja.

Hapa tunatoa onyo. Oili chafu ya gari isipakwe kwenye mbao za kichanja hiki, kwani ina sumu. Vilevile mbao za rangi ya kijani zilizotiwa dawa kiwandani zinaweza kuwa na dawa kali. Zifae kwa nguzo tu, zisitumiwe mahali penye chakula au vyombo.

5. Kupanga nguzo na mbao

Pima mistari 7, kila mmoja mita 1 kutoka kwa mwenzake. Kila mstari una nguzo 3, pia kwa nafasi ya mita 1. Jumla ni nguzo 21. Mistari 4 ya kwanza inabeba baraza, na 3 ya mwisho inabeba mahindi. Ngazi ya vyombo haina nguzo zake, inashikwa katikati ya mstari wa 4 na wa 5. Nguzo za pembeni za mstari wa 1 na wa 3 ziwe ndefu ili zibebe paa.

Kwa kila mstari funga mhimili ubavuni mwa nguzo kwa boliti. Juu ya mihimili laza boriti za inchi 4 kwa 2, zikiachana nusu mita. Juu ya boriti ndipo mbao za inchi 6 kwa 1 zinapigiliwa. Usisahau kufunga mbao za mshazari kati ya nguzo, hasa za ngazi ya mahindi. Bila hizo kichanja kitayumba kama mlevi.

Mbao mbichi hujikunja na kupasuka kwenye jua. Zipange kwanza kivulini kwa miezi 2 au 3, ukitenganisha kila safu kwa vijiti ili hewa ipite. Wakati wa kupigilia, acha nafasi ya unene wa penseli kati ya ubao na ubao. Maji ya mvua yatapita na hewa pia itapanda kutoka chini. Skrubu ni bora kuliko misumari, kwa sababu joto la mchana na baridi ya usiku hulegeza misumari na vichwa vyake vikaanza kuchoma miguu.

6. Kutumia ngazi ya mahindi

Mahindi yenye magunzi yanaweza kuanikwa juu ya mbao hivyo hivyo. Yaliyopukuchuliwa yatandaze juu ya mkeka au turubai safi. Gunia moja la kilo 90 likitandazwa kwenye nafasi yetu hufikia unene wa kama sm 3. Usizidishe sm 4. Geuza mara kadhaa kwa siku. Jioni yakusanye na kuyafunika, kwa sababu umande wa usiku hurudisha unyevu.

Utajuaje kwamba yamekauka? Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia chumvi kavu vijiko 2 au 3, kisha mahindi mpaka theluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja, uache itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi ni mabichi bado. Isiposhika, unyevu uko chini ya asilimia 15. Usikimbilie gunia hata hapo! Endelea kuanika siku 1 au 2 zaidi, kwa sababu mahindi ya kuweka ghalani yanatakiwa yawe na asilimia 13.5 au chini.

Tuelewane vizuri. Kichanja hakiondoi sumu iliyokwisha kuingia. Punje zenye kuvu, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu zitolewe pale barazani, na asipewe kuku wala ng'ombe.

7. Kazi ya kikundi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Familia moja ikijenga peke yake itachoka. Kikundi kinaweza kununua saruji na bati kwa pamoja, kikaita fundi mmoja, na kujenga boma kwa boma kwa zamu. Vijana wachimbe mashimo, akina mama wakusanye mchanga na kokoto, wazee wachague miti. Tunashauri zamu ya kwanza iende kwa mama mjane au mzee asiye na nguvu, badala ya kuanza na mwenyekiti.

Asiye na uwezo wa ngazi zote aanze na ile ya mahindi peke yake. Hiyo inahitaji nguzo 9 tu, na mahali pa mbao anaweza kutumia fito nene zilizonyooka. Baraza na ngazi ya vyombo vitaongezwa baadaye, mavuno yakiwa mazuri.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu mahindi yanaanikwa wapi, na yanaguswa na nini kabla ya kuingia ghalani?

2. Tembeleeni nyumba ya mwanakikundi mmoja na mpime kwa vijiti. Kivuli kinafika wapi saa kumi?

3. Ni miti gani ya hapa kwetu ambayo mchwa haili? Nani anayo miche?

4. Tukianza mwezi ujao, tutamaliza vichanja vingapi kabla ya mavuno, na nani awe wa kwanza?

Andikeni majibu ya swali la nne kwenye kitabu cha kikundi, pamoja na tarehe na jina la atakayesimamia.